Sufuria ya Nani, Bunduki ya Nani?

Wajomba zangu, mmewahi kukaa jikoni siku ya shughuli? Sisemi jiko la ndani. Nasema jiko la uani, pale Mpanda, Makanyagio au Nsemulwa, mafiga yamepangwa mstari na moshi unawatoa kina mama machozi. Kuna sufuria ya pilau. Kuna sufuria ya nyama. Kuna ya maharage, kuna ya maji ya chai. Zote kubwa, zote nyeusi kwa masizi, na zimetoka nyumba mbalimbali.

Shughuli ikiisha, ya nani ni ipi?

Kila mama anaijua yake. Anaigeuza, anatazama chini. Huyu kaweka madoa mawili ya rangi nyekundu. Yule kakwaruza herufi za jina lake kwa msumari. Nyingine imeandikwa jina la kikundi cha kufa na kuzikana. Hiyo ndiyo chapa. Chapa inasema: mimi ni wa nyumba fulani, nirudisheni.

Ila mifuniko! Mifuniko ndiyo inayoleta ugomvi. Mfuniko wa huyu unaingia sawasawa kwenye sufuria ya yule, na mtu anaondoka nao bila kujua. Au akijua. Tuyaache hayo.

Ishikeni sufuria hiyo vichwani, tutatembea nayo mpaka mwisho. Leo nataka kuwaeleza alama zinazopigwa kwenye miti ya bunduki za kale za kijeshi. Sitawafundisha kupiga bunduki. Nitawafundisha kuisoma.

"Mjomba, kwani bunduki inasomwa?"

Inasomwa, tena vizuri! Nimefurahi umeuliza, maana watu wazima wengi wanaitazama bunduki ya kale na kuona kitu kimoja tu cha kutisha. Wewe tazama vitu viwili. Kuna chuma na kuna mti. Chuma ni mtutu, na ile sehemu ya katikati ambamo risasi inakaa. Mti unaanzia begani kwa askari, pale panapoitwa kitako, unaenda mbele chini ya mtutu. Mti ndio unaoshikwa. Mti ndio unaokaa shavuni. Na mti ni laini kuliko chuma, kwa hiyo ukipigwa muhuri kwa nyundo, unaukubali haraka.

Serikali ilinunua bunduki kwa maelfu, na zote zilifanana. Zikilala ghalani pamoja, ya kombania hii na ya kombania ile huwezi kuzitofautisha. Basi serikali ikafanya kama kina mama wa Makanyagio. Ikapiga chapa.

Kanuni yetu ya leo ni fupi. Semeni nami: soma mti, kisha soma chuma.

"Soma mti, kisha soma chuma!"

Vizuri. Sasa, kwa nini mtoto wa Katavi ajisumbue na mambo haya? Kwa sababu bunduki za mataifa mengi zimepita huku kwetu. Karema, pale kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879. Mwaka 1885 wakawakabidhi mapadri, wale White Fathers. Kisha wakaja Wajerumani, wakatawala nchi yote hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza walilikamata boma la Wajerumani la Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga mkoani Rukwa, tarehe 8 Juni 1916. Wabelgiji wakarudi, wakaingia Kigoma Julai mwaka huohuo, na Tabora tarehe 19 Septemba. Mpanda yenu iko katikati ya majina hayo yote. Chukueni ramani mtazame: Kasanga kusini, Kigoma kaskazini, Tabora juu kule treni inakoelekea.

Sasa hadithi.

Paliondokea ghala moja lenye giza. Ndani yake bunduki mbili za kale zimeegemea ukuta, kitako chini, mdomo juu. Moja ilikuwa ndefu na nzito. Nyingine fupi, pua yake butu. Usiku, walinzi wakilala, miti yao ilikuwa inazungumza.

Ile ndefu ikakohoa kwanza.

"Mimi ni Mjerumani," ikasema. "Mfano wangu ni wa mwaka 1871, kazi ya akina Mauser. Nalishwa risasi moja, napiga, nalishwa nyingine. Risasi yangu ni nene, milimita 11. Na nikipiga, hoo! Moshi mweupe! Askari wangu hawezi kujificha. Adui anatazama moshi ulipo, anapiga palepale."

"Mjomba, kwa nini moshi mwingi hivyo?"

Swali la mtu mwenye akili! Baruti ya zamani ilikuwa nyeusi, na ikiungua haikugeuka yote kuwa gesi. Sehemu kubwa ilibaki kuwa moshi na masizi. Baruti za baadaye zinageuka karibu zote kuwa gesi. Ndiyo maana mwaka 1914, vita ilipoanza, askari wa kombania nyingi za Kijerumani hapa nchini walikuwa na tabu. Kombania za askari zilikuwa 14, ile ya 6 makao yake Ujiji, na nyingi bado zilibeba bunduki hiyo ya mwaka 1871. Bunduki ya miaka zaidi ya 40 inapambana na bunduki mpya.

Bunduki ndefu ikaendelea. "Nitazameni kitakoni, upande wa kulia. Mnaona taji? Chini yake kuna herufi za mfalme. Hiyo inasema mimi ni mali ya mfalme, si ya mtu. Sasa nitazameni kwa karibu. Kuna vitaji vidogo, kila kimoja na herufi yake. Hivyo ni sahihi za wakaguzi. Mkaguzi mmoja alitazama mti wangu kama umekauka sawasawa, akagonga. Mwingine alitazama mtutu, akagonga. Kila aliyegonga alikubali kulaumiwa nikiharibika."

"Na hapa chini?" bunduki fupi ikauliza.

"Hapa chini, kwenye bamba la chuma la kitakoni, ndipo penye anwani yangu."

Wajomba, hapo nisimamisheni kidogo, maana hapa panahitaji kusoma polepole. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na utaratibu wake wa kuandika. Tuseme bamba limeandikwa 85.R.9.12. Usiogope tarakimu. Zisome moja moja kama unavyoelekezwa nyumba ya mtu. 85 na R: rejimenti ya 85. 9: kombania ya 9. 12: bunduki ya 12 ya kombania hiyo. Ukimaliza kusoma, umefika mlangoni.

"Kwa hiyo 12 ni askari wa kumi na mbili?"

Hapana, na ninakupongeza kwa kuuliza, maana wakubwa wengi wanakosea hapo. Ni bunduki ya 12. Askari anaweza kuugua, kuhamishwa, kufa. Bunduki inabaki na namba yake, inasubiri bega lingine.

Kuna jambo moja la Wajerumani linalonifurahisha sana. Walipiga namba kila mahali. Kwenye mtutu. Kwenye pete zinazoshika mti na mtutu pamoja. Hata kwenye vichwa vya skrubu! Kichwa cha skrubu ni kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, lakini wamegonga humo tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki.

"Mjomba, skrubu nayo ya nini?"

Fikiri mwenyewe. Askari kumi wanasafisha bunduki kwenye mkeka mmoja. Wamefungua kila kitu. Skrubu zote ziko pale, zinang'aa kwa mafuta. Upepo unapita, mtu anateleza, zinachanganyika. Na enzi hizo mafundi walichonga vipande kwa tupa mpaka viingie kwenye bunduki ileile, si nyingine. Skrubu ya bunduki ya 12 ukiilazimisha kwenye ya 13, inakaa upande. Namba ndiyo inayoirudisha nyumbani.

Bunduki fupi ilikuwa imechoka kusikiliza. "Sasa zamu yangu," ikasema. "Mimi ni Mwingereza, nimetoka Enfield. Mimi nakula risasi kumi kabla sijalishwa tena. Na mimi sina mti mmoja kama wewe mzee. Mimi nina miti miwili. Wa mbele peke yake. Kitako peke yake. Kitako changu kimeshikwa na bolti ndefu inayopita ndani, kutoka nyuma mpaka kwenye chuma."

"Ya nini hiyo?"

"Kikivunjika, nabadilishiwa kitako tu. Wewe ukivunjika, mti wako unatupwa mzima."

Mzee hakupenda kusikia hayo. Lakini ni kweli.

"Tena," fupi ikasema, "nina saizi! Watu wana mikono mirefu na mifupi. Kitako changu kikiwa cha kawaida, hakina herufi. Kikiwa kirefu kwa nusu inchi, kinagongwa L. Kikiwa kifupi kwa nusu inchi, kinagongwa S. Kikiwa kifupi kwa inchi nzima, kinagongwa B."

Hapa mdogo wetu wa mwisho atauliza, namjua: "Mimi ningepewa B?" Wewe, mjomba, usingepewa yoyote. Wewe ungepewa uji. Lakini ndiyo, B ilikuwa ya wanaume wafupi. Waingereza walikuwa na vikosi vizima vya watu wafupi katika Vita Kuu ya Kwanza, na walipigana kama wengine. Herufi hizo ziko juu ya kitako, karibu na bamba la nyuma. Nimewaona watu wakibishana kwamba S ni jina la nchi, au jina la askari. Ni saizi. Kama ya sare ya shule.

Bunduki fupi ikageuka, ikaonyesha alama yake kuu. Mistari mitatu inakutana juu, kama ncha ya mshale. Hiyo ni alama ya zamani sana ya mali ya serikali ya Uingereza. Utaikuta kwenye mti, utaikuta kwenye chuma, utaikuta hata kwenye mahema na masanduku ya jeshi. Ukiona mshale, ujue mali ile ni ya serikali, na mtu binafsi hana haki nayo.

Lakini mshale hausafiri peke yake. Tazama una jirani gani. Ukiwa na herufi I, bunduki ilikuwa ya India. Ukiwa ndani ya U, ilikuwa ya Afrika Kusini, maana nchi hiyo enzi hizo ilijiita Muungano. Ukiwa ndani ya C, Kanada. Na wanajeshi wa India na wa Afrika Kusini walikuja kweli kupigana hapa kwetu, kwa maelfu. Kwa hiyo mshale wenye jirani unaweza kukwambia bunduki ilishuka kutoka bandari ya upande gani wa dunia.

"Mjomba, na hiki kitobo cha duara kwenye kitako?"

Aaa! Macho yako ni mazuri. Bunduki fupi za mwanzo zilikuwa na kisahani cha shaba ya njano upande wa kulia wa kitako, kimefungwa kwa skrubu. Humo waliandika kikosi na namba. Kikosi kikibadilika, unabadilisha kisahani, mti unabaki safi. Akili, sivyo? Lakini vita ikawa ndefu, viwanda vikazidiwa, na kuanzia 1916 wakaamua kuachana na kisahani ili kuokoa muda na shaba. Ndiyo maana utakuta vitako vina kisahani, vingine vina kitobo kitupu, vingine vimezibwa kwa kipande cha mti. Ukiona kiraka cha duara, usidhani ni risasi ilipita hapo.

Basi zile bunduki mbili zikabishana usiku kucha nani ana chapa nzuri zaidi. Mzee akasema, "Mimi kila kipande changu kina namba." Fupi ikasema, "Mimi nina mshale wa serikali." Mzee akasema, "Chapa yangu inaonyesha nimebebwa na nani." Hapo fupi ikanyamaza kidogo, halafu ikacheka.

"Mzee," ikasema, "mimi nina mshale wa Mwingereza. Lakini nilibebwa na askari wa Mjerumani."

"Mjomba! Inawezekanaje?"

Hapo sasa. Hapo ndipo nilipokuwa nawapeleka tangu mwanzo. Warudisheni kina mama jikoni. Sufuria ina madoa mawili mekundu, kwa hiyo tunajua ni ya nani. Je, tunajua nani ameipikia leo? Hatujui. Jirani kaiazima. Au kaichukua.

Novemba 1914 Waingereza walitua Tanga na jeshi kubwa kutoka India. Wakashindwa vibaya, wakakimbilia melini, wakaacha vitu ufukweni. Wajerumani waliokota mamia ya bunduki, bunduki za rasharasha 16, na risasi laki 6. Unadhani waliziacha zioze? Askari waliokuwa wanatoa moshi mweupe wakapewa bunduki mpya zisizo na moshi. Mshale wa Uingereza ukawa begani kwa askari wa Mjerumani.

Novemba 1917 Wajerumani wakavuka Mto Ruvuma, wakaivamia kambi ya Wareno pale Ngomano. Wakaondoka na bunduki za Wareno.

Na hatimaye, Novemba 1918. Vita imekwisha Ulaya tarehe 11, na habari inamfikia Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, siku chache baadaye, yuko kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Tarehe 25 anakuja kusalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Mbala si mbali na sisi. Ukifika Sumbawanga, umekaribia. Alikuwa na Wazungu 155, askari 1,168, na wapagazi zaidi ya 1,500. Zikawekwa chini bunduki 1,071.

Nawauliza ninyi. Bunduki hizo 1,071 za jeshi la Mjerumani zilikuwa za chapa gani?

"Za Kijerumani!"

Za Kiingereza na za Kireno. Zote hizo. Bunduki za rasharasha zilikuwa 37, na kati yake 7 tu ndizo za Kijerumani. Ungesimama pale Mbala, ukasoma vitako tu bila kuwatazama watu, ungesema jeshi hili ni la mfalme wa Uingereza na rafiki zake wa Lisbon. Kila sufuria ilikuwa ya jirani.

Kwa hiyo chapa inasema kweli, lakini inajibu swali moja: mali ya nani? Haijibu: nani aliishika? Wauzaji wa vitu vya kale wanapenda kuyachanganya maswali hayo mawili, maana hadithi nzuri inaongeza bei.

Tena mti una ujanja mwingine. Mnakumbuka mifuniko? Kitako cha bunduki ya Enfield kinafunguliwa kwa bolti moja. Fundi ana vitako vitano na bunduki tano zilizochoka. Anachukua kitako kizuri cha mwaka huu, anakifunga kwenye chuma kizuri cha mwaka ule. Bunduki inafanya kazi. Lakini mti unaeleza safari moja, chuma kinaeleza safari nyingine. Mfuniko wa mama huyu, sufuria ya mama yule.

Tunafanyaje?

"Soma mti, kisha soma chuma!"

Hamjambo ninyi! Kwenye bunduki ya Enfield, tazama namba iliyo kwenye chuma cha katikati. Kisha angalia mti wa mbele, chini ya ncha yake karibu na mdomo: walipiga namba ileile pale. Zikilingana, mti huo na chuma hicho vimetoka nyumba moja. Zisipolingana, mmoja ni mgeni. Kisha soma pete ya chuma ambamo kitako kinaingia, upande wa kulia. Kuna taji na herufi mbili. VR ni Malkia Victoria. ER ni Mfalme Edward, na GR ni Mfalme George. Chini yake jina la kiwanda na mwaka. Hapo unajua umri wa chuma, na unaweza kuuliza kama mti una umri huo.

Bunduki za Vita Kuu ya Pili zina mchezo mwingine. Viwanda viliogopa kupigwa mabomu, vikaficha majina. Badala ya jina wakaandika namba na herufi. M47C, kwa mfano, ni kiwanda cha BSA pale Shirley. Na zipo bunduki za Kiingereza zilizoandikwa kwamba ni mali ya Marekani, kwa sababu zilitengenezwa huko, kisha Waingereza wakazipokea kwa mkopo wa vita. Sufuria ya kuazima, imeandikwa kabisa.

"Na ikiuzwa, mshale unafutwa?"

Swali hili lingempendeza karani wa ghala! Haufutwi. Unaongezewa mwenzake. Mshale wa pili unapigwa ukiutazama wa kwanza, ncha kwa ncha. Mishale miwili ikitazamana, serikali inasema: tumeiuza, si yetu tena. Na kikosi kikihamisha bunduki kwenda kikosi kingine, alama ya zamani mara nyingi inapigwa mstari, ya pili inaandikwa kando. Kwa hiyo kitako chenye makunyanzi ya alama kuliko vyote ndicho ninachokipenda mimi. Kile safi, kinachong'aa, kinanitia wasiwasi.

"Kwa nini, Mjomba? Safi si ndiyo nzuri?"

Kwa sufuria, ndiyo. Kwa mti wa bunduki, sikiliza. Muhuri ukigongwa, unazikandamiza nyuzi za mti ziende chini. Miaka inapita. Mafuta ya kitani waliyopaka yanajaa ndani ya herufi, jasho linaingia, vumbi linaingia. Herufi inakuwa nyeusi, kingo zake zinakuwa butu pamoja na mti wote. Sasa anakuja mtu na msasa. Anasugua mpaka mti unameta, anapaka vanishi. Amefuta taji, amefuta mshale, amefuta kikosi. Mwingine anaweka kitambaa kibichi na pasi ya moto ili mibonyeo ivimbe na kujaa. Mibonyeo inajaa, na chapa nayo inajaa, kwa sababu chapa nayo ni mbonyeo. Saa moja ya usafi imekula miaka mia.

Na yuko mbaya zaidi: anayegonga chapa mpya kwenye mti wa kale. Huyo mnamkamata hivi. Tazama kingo za herufi. Mti mzima umechakaa, una mikwaruzo, lakini herufi ni kali, na ndani yake mti ni mweupe. Mikwaruzo ya zamani inatakiwa ipite juu ya herufi. Ikiwa herufi imepita juu ya mikwaruzo, ulizeni vizuri.

"Mjomba, hii mikato midogo pembeni ni watu waliouawa?"

Nilijua litakuja hilo. Kwenye filamu, kila mkato ni mtu. Mimi siliamini kwa haraka. Bunduki imeegemezwa kwenye mawe, imetupwa kwenye malori, imegongana na wenzake ghalani. Na askari mwenye bunduki iliyofanana na za wenzake wote anaweza kuchonga alama mbili tatu ili aitambue gizani kwa kidole. Jeshi lilikataza kuchonga mali ya serikali, lakini ninyi mnajua madawati ya shule yalivyo.

"Basi jina la askari liko wapi?"

Halipo, mjomba wangu. Mfalme ana herufi zake. Mkaguzi ana taji lake. Kiwanda kina jina. Kombania ina namba. Aliyeibeba kwa miguu kutoka Ruvuma mpaka Mbala hana kitu kwenye mti. Na mpagazi aliyebeba risasi zake hakuwa hata na bunduki ya kuchorwa. Ukitaka kuwatafuta hao, achana na kitako, nenda kwa wazee na kwenye makaratasi ya mishahara.

Kule Dar es Salaam yuko mmoja wa shaba, Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki na singe vimeelekea bandarini. Mkifika kwa treni, nendeni mkamtazame. Ni bunduki ya kutazama bila hofu.

Kuna jambo la nyumbani sijaligusa, nalo ni gobore. Hilo mnalisikia sana huku kwetu, kwa sababu ya misitu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Gobore la kienyeji limetengenezwa na fundi wa kijijini. Mtutu unaweza kuwa bomba. Mti wake unaweza kuwa wa hapahapa porini. Ukilisoma kitakoni, hakuna kitu. Ukilisoma kwenye chuma, hakuna kitu. Ni sufuria isiyo na chapa, na ikipotea katika shughuli hakuna wa kuirudisha. Ndiyo sababu nchi zetu za Afrika Mashariki na majirani zilikubaliana Nairobi mwaka 2004 kwamba silaha zipigwe alama zijulikane zimetoka wapi. Na hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila kibali, hata ikiwa ni ya babu.

"Mjomba, nikiokota moja porini, nikuletee tuisome?"

Usiniletee! Usiiguse hata kidogo. Usiigeuze kutafuta mshale, usiisugue kutu, usimwite mwenzako aje kuichungulia mdomoni. Weka alama kwenye mti wa karibu ili pajulikane, rudi ulikotoka, umwambie mzazi, mtendaji wa kijiji, polisi, au askari wa hifadhi ukiwa upande wa hifadhi. Wao ndio watakaoifungua na kutazama kama ina risasi ndani. Wakishamaliza, na wakikuruhusu, waombe wakuonyeshe kitako, upande wa kulia.